Siku Vitu Vilipoitwa Kwao

Chupa ya kwanza iliondoka kwenye meza ya muuza supu kabla jua halijapanda vizuri. Haikubebwa na mtu. Kizoazi kimoja, kimashine cha ukubwa wa kobe mdogo chenye miguu sita, kilichomoza kwenye tundu la ukutani, kikaipindua ile chupa, kikakichunguza kitako chake, kikaipakia mgongoni na kushika njia kando ya barabara, upande wa kushoto, kwa adabu ambayo madereva wa jiji la Lukosi hawakuwahi kuwa nayo. Nyuma yake kikaja kingine na kopo la rangi. Kingine na soli ya kiatu. Kingine kilijitwisha kiti kizima cha plastiki kilichovunjika mguu, kikawa kinayumba nacho kama mlevi anayerudi kwake. Hakuna aliyegeuka kuangalia, maana watu wa Lukosi walikwishazoea kuona vitu vyao vikiondoka.

Aliyegeuka ni mmoja tu, Mhandisi Twilumba Mgongolwa, mama wa makamo aliyekuwa akipita na chupa ya chai iliyojaa uji. Yeye aligeuka kila siku. Vizoazi vile alivibuni mwenyewe, na asikwambie mtu, kazi ya mikono yako ikitembea barabarani bila kuanguka, lazima kichwa kivimbe kidogo.

Zamani taka za Lukosi zilikuwa mzigo wa halmashauri. Gari la taka lilipita likijisikia, na lisipojisikia halikupita. Wananchi wakailaumu halmashauri, halmashauri ikawalaumu wananchi, na yule aliyeitengeneza chupa, akaiuza, akatia faida mfukoni, alikaa zake kwenye kiyoyozi bila mtu kumkumbuka. Mto ulipoziba na kufurika hadi sokoni, ndipo ikatungwa Sheria ya Marejeo. Ilisema kwamba aliyeunda kitu ndiye atakayekichukua siku kitakapochoka, awe muuza maji, muuza viatu au muuza mashine. Watu wakaibatiza Rudi Kwenu, na jina likashika.

Ili vitu virudi kwao, kila kilichotoka kiwandani kilichanganywa na chembe za ukoo, vumbi laini lisiloonekana, lililobeba jina la kampuni na kazi ambayo kitu kile kiliundwa kufanya. Kila mzalishaji alikuwa na mwito wake, wimbi lisilosikika kwa masikio ya binadamu. Mwito ukipigwa, chembe ziliitika, na vizoazi vikafuata mwitiko huo hadi uvunguni mwa kitanda. Kila nyumba ilitobolewa kitundu chini ya ukuta ili vipite. Viliundwa kwa upole wa ajabu. Havikuuma, havikukwaruza, na mtu akikishikilia kitu mkononi, vilisimama pembeni vikimsubiri akichoke.

Swali gumu lilikuwa moja: mashine itajuaje kwamba kitu hiki ni taka na hiki si taka? Wataalamu walizozana wee, mpaka Twilumba alipoandika sentensi moja iliyopigiwa makofi na mkutano mzima. Kitu kilichomaliza kazi yake ya kwanza ni taka. Chupa ya maji kazi yake ni kuyafikisha maji kwa mnywaji. Akishaifungua na kunywa, imekwisha hiyo. Kikombe ni cha kunywea, basi kikombe kitaishi mpaka kipasuke. Rahisi, safi, na mashine inaelewa.

Sentensi ile haikutoka kwenye vitabu vya uhandisi peke yake. Twilumba alikulia kwenye nyumba ambayo hakuna kitu kilichoruhusiwa kufa. Dumu la mafuta ya kupikia likawa la maji, lilipotoboka likakatwa likawa beseni, beseni lilipopasuka likapandwa vitunguu. Mama yake alipima unga kwa kopo la siagi na kuziba dari kwa bango la sabuni. Twilumba alikwenda shule madaftari yakiwa ndani ya mfuko wa chumvi, na wenzake wakamwita Kilo Moja mpaka anamaliza darasa la saba. Aibu ile hakuimeza kamwe. Aliapa kwamba akipata nafasi atajenga mji ambao kopo ni kopo, na likiisha linaondoka.

Asubuhi hii nafasi hiyo ilikuwa inakamilika. Saa nne halmashauri ingelistaafisha gari lake la mwisho la taka na kuwakabidhi wazalishaji kila kitu mbele ya wananchi. Lakini kabla ya sherehe alikuwa na safari nyingine iliyomfurahisha hata zaidi. Binti yake Vumilia alikuwa amejifungua juzi, mapema kuliko ilivyotarajiwa, mtoto wa kiume mdogo kiasi cha kulala kwenye viganja viwili.

Hospitali ya Lukosi iliwalaza watoto njiti katika wodi ya ghorofa ya chini. Wageni waliishia kwenye mstari mwekundu sakafuni, hatua chache ndani ya mlango. Vumilia alikuja mpaka kwenye mstari, kanga begani, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Mume wangu hajambo?"

Vumilia akacheka kwa mara ya kwanza tangu juzi. "Mumeo hajambo. Mchoyo tu, hata jicho hafungui."

"Ananionea aibu. Mwambie hata mahari hajanilipia bado, asinune." Twilumba akammiminia uji kwenye kikombe kikubwa cha bati alichokuja nacho. "Kunywa wote. Maziwa hayashuki kwa maneno."

"Ile bangili ya mguuni mwake inawaka kijani usiku kucha," Vumilia alisema. "Nikiiona tu, roho inatulia. Daktari anasema inasikiliza mapigo ya moyo."

"Hiyo ndiyo kazi yake. Bangili nzuri sana, nimeipitisha mimi mwenyewe." Hapo mhandisi akasahau kwamba ni bibi, akaanza somo. "Nayo ina chembe za ukoo. Maadamu inasikia mapigo, vizoazi havitaigusa. Siku mtoto akiruhusiwa mnaivua, haisikii tena kitu, kizoazi kinakuja kuichukua. Mtu hahangaiki."

"Mama, umekuja kumwona mjukuu au kukagua?"

Wakacheka tena. Ndipo Twilumba, akichungulia juu ya bega la binti yake ili amwone huyo mumewe mdogo, akaona kitu kikimetameta chini ya kitanda kidogo cha mtoto. Akaangalia kitanda cha pili, nacho kile kile. Cha tatu vivyo hivyo. Chini ya kila kitanda kulikuwa na kifurushi kilichoviringishwa karatasi ya foili, ile ya kuokea samaki.

Uso ulimbadilika papo hapo. Foili ile aliijua vizuri. Ilizuia mwito. Kwa miezi kadhaa sasa wananchi wakaidi walikuwa wakifunga makopo na madumu yao kwa foili ili vizoazi visiyapate, na kwenye ramani yake sehemu hizo zilionekana kama madoa meusi. Doa kubwa kuliko yote lilikuwa hapa hospitalini, na hakuna aliyekuwa ameweza kumweleza sababu.

Alimwita muuguzi mkuu wa wodi, Sista Kalunde, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini.

"Sista, zile ni nini chini ya vitanda?"

Kalunde aliitazama beji ya Mamlaka ya Marejeo kifuani kwa Twilumba, kisha akamtazama usoni. "Ni mambo ya wodi, Mhandisi."

"Mambo ya wodi yamefungwa foili?"

"Tuachie wodi yetu, mama. Nakuomba." Akageuka kwenda kwa mtoto aliyekuwa akilia, na mlango wa ndani ukajifunga.

Twilumba alitoka pale akifuka hasira. Hospitali! Mahali panapotakiwa kuwa pasafi kuliko pote! Alijua tabia hii, alikulia ndani yake. Ni ule ugonjwa wa mama yake wa kutokuacha kopo liende zake, umevaa sare nyeupe na kuingia mpaka kwenye wodi ya watoto. Njia nzima alikuwa akijisemea peke yake kwamba leo ndiyo leo.

Uwanja wa halmashauri ulikuwa umefurika. Gari la mwisho la taka lilivishwa maua ya karatasi, bendi ya matarumbeta ikapiga, Meya akahutubia kwa furaha ya mtu anayetua gunia. Kando ya Twilumba jukwaani alikaa Bwana Pazi, mwakilishi wa wazalishaji wote wa jiji, mtu mpole, suti ya kijivu, miwani ikimteremka puani kila mara.

Kazi ya mwisho ya Twilumba kabla ya kukabidhi ilikuwa kuipanga nguvu ya mwito. Alikuwa na kishikwambi mapajani, na kwenye kishikwambi ile ramani, na kwenye ramani lile doa jeusi la hospitali. Mwito wa kawaida haukupenya foili. Mwito mzito ungepenya. Alikuwa ameujaribu kwenye maabara na haukuwa na madhara kwa mtu. Alichofanya ni kupandisha kitufe kwa kidole kimoja, wakati Meya akiendelea kushukuru kamati ya maandalizi.

Kisha wakasimama, wakapeana mikono, kamera zikawaka, na mamlaka ya mwito yakahama kutoka halmashauri kwenda kwa wazalishaji. Watu wakashangilia. Barabarani vizoazi vikaanza kumiminika kutoka kila tundu, vingi kuliko siku yoyote. Kwenye ramani madoa meusi yakaanza kufutika, moja baada ya jingine. Lile la hospitali likawa la kijivu, kisha jeupe. Twilumba alimsogezea Bwana Pazi kishikwambi aone.

"Hongera, Mhandisi," Pazi alisema. "Hii ni historia."

Simu ya Twilumba ikaita. Alikuwa Vumilia, na nyuma ya sauti yake kulikuwa na kelele za wanawake wengi.

"Mama! Vimeingia! Vimeingia wodini!"

"Vumi, tulia. Nini kimeingia?"

"Vizoazi vyako! Vinachukua chupa za kupumulia! Mama, mtoto anabadilika rangi! Njoo uvizuie, Mama, njoo!"

Chupa za kupumulia. Twilumba hakuelewa, kisha akaelewa yote kwa mkupuo. Mtoto njiti mapafu yake husinyaa kila anapotoa pumzi. Akipelekewa hewa puani, na mrija wa kutolea hewa ukatumbukizwa ndani ya maji ya kina cha kutosha, uzito wa yale maji huyazuia mapafu yasifunge. Ni chupa yenye maji tu na mrija unaotoa mapovu. Alikuwa amelisoma jambo hilo miaka mingi iliyopita, kama kituko cha enzi za umaskini, kabla ya kuletwa mashine za pumzi.

Alifungua kishikwambi na kuteremsha kitufe. Kishikwambi kikamjibu kwa maandishi ya kijani, ya kirafiki kabisa: Huna mamlaka. Akateremsha tena. Huna mamlaka.

"Bwana Pazi, zima mwito! Zima sasa hivi, kuna watoto wanakufa hospitali!"

Pazi alisimama, miwani ikaanguka. "Wanakufa vipi?"

"Zima kwanza nitakueleza!"

"Mhandisi, siwezi kuzima peke yangu. Kila kampuni ina mwito wake, lazima kila moja ikubali. Ndivyo ulivyoandika wewe, ili mmoja asiwabebeshe wenzake." Alikuwa tayari anatafuta simu. "Zile ni chupa za nani? Nitajie kampuni."

"Za Ndotwe, za maji ya Ndotwe, sijui, chupa za maji! Za kila mtu!"

Alimgeukia Meya. Meya alikuwa amesikia, na furaha yote ilikuwa imemtoka usoni, lakini alichofanya ni kufungua viganja vyake viwili vitupu. "Mama, sisi tumeshakabidhi. Umetuona wote. Tangu saa nne mambo ya taka si yetu tena."

Hakusema kwa ubaya, na hilo lilimtisha Twilumba kuliko kama angesema kwa ubaya. Mzigo ulikuwa umetuliwa upande mmoja na haujapokelewa upande wa pili. Aliruka chini ya jukwaa, akavua viatu, akakimbia.

Hospitali haikuwa mbali, lakini barabara zilikuwa zimefungwa kwa ajili ya sherehe. Alikimbia peku, mama wa makamo mwenye beji kifuani na kilemba kikimfunguka, na watu wakampisha wakidhani ni sehemu ya shamrashamra. Vizoazi vilikuwa vikija upande wake, mistari kwa mistari, vimebeba madumu na makopo. Karibu na geti la hospitali akaona kitu kikimeta. Kizoazi kilikuwa kinamjia, upande wa kushoto wa barabara, kwa adabu, na mgongoni kimebeba chupa iliyovikwa foili. Maji yalikuwa bado yanadondoka. Kipande cha mrija kiliburuzika nyuma yake lamini.

Alipiga ukelele ambao hakuujua kama ni wake. Aliinyakua ile chupa, akaikumbatia, akaingia nayo getini. Kile kizoazi kikageuka na kumfuata taratibu, kama kilivyofundishwa.

Wodini hakukuwa na mstari mwekundu tena kwa mtu yeyote. Ubao wa kengele ukutani, uliounganishwa na bangili za watoto, ulikuwa unalia kwa vitanda vyote kwa pamoja, kiasi kwamba hakuna aliyeweza kujua ni kengele ya nani. Sista Kalunde na mwenzake mmoja walikuwa wakihangaika kati ya vitanda. Baadhi ya akina mama walikuwa wameshikilia chupa zao juu, mikono imenyooka, na vizoazi vimekaa miguuni pao vikisubiri wachoke. Wengine hawakuwahi. Hao walikuwa wamechomeka mirija kwenye chochote kilichobaki na maji, na kilichobaki kilikuwa vikombe.

"Nimeleta moja!" Twilumba alisema.

Kalunde aliichukua bila kumwangalia, akaijaza maji, akaipeleka kwa mtoto wa kitanda cha mlangoni ambaye mama yake alikuwa amekaa sakafuni akishindwa hata kulia. Mapovu yakaanza. Twilumba hakubisha. Alikwishamwona Vumilia kule mwisho wa wodi, ameinama juu ya mwanawe, mkono mmoja umeshika kile kikombe kikubwa cha bati cha uji, na mrija uko ndani yake. Mjukuu wake alikuwa na chake. Huyu wa mlangoni hakuwa na kitu.

"Kwa nini hamkusema?" aliuliza, pumzi zikimkata. "Kwa nini hukuniambia asubuhi?"

"Kusema?" Kalunde hakuinua macho kutoka kwa mtoto. "Mashine zetu za pumzi ziliitwa kwao mwaka jana, zikiwa zinafanya kazi. Kampuni ilisema zikizeeka mikononi mwetu zitawagharimu wao, bora wazichukue mapema. Mpya zinakuja, wanasema. Tukarudi kwenye chupa. Tukaomba chupa zisiguswe, wazalishaji wakasema chupa ya maji si chombo cha tiba. Tukaenda halmashauri, wakatwambia suala la taka linahamia kwa wazalishaji. Tukafunga foili. Wewe ungefanyaje?"

 Kopo la siagi la mama yake lilimjia Twilumba akilini, limejaa unga mpaka ukingoni, na mama akilisawazisha kwa kidole. Aliona aibu, lakini safari hii hakuwa akimwonea aibu mama yake.

Ghafla kengele za ubao zikaanza kupungua, na vile vizoazi vilivyokuwa miguuni pa akina mama vikainuka, kimoja kimoja, vikaelekea kwenye tundu la ukutani. Bwana Pazi alikuwa amefanikiwa. Maji, rangi, viatu, madumu, kila aliyempata alikuwa amekubali kuzima mwito wake. Mikono iliyoinuliwa ikaanza kushuka. Mwanamke mmoja akapiga kigelegele kifupi kisha kikamgeuka kuwa kilio. Twilumba akamshukuru Mungu kwa sauti.

Kizoazi kimoja hakikuondoka.

Alikiona kikitokea tunduni wakati wenzake wanaingia. Alidhani ni kile kilichomfuata kutoka getini, kimekuja kudai chupa yake, akajiweka mbele ya mtoto wa mlangoni ili kukizuia. Kizoazi kilimpita. Kilipita pia kitanda kilichofuata, na kilichofuata, bila kuangalia chupa hata moja. Hakikuwa na alama ya maji ya Ndotwe mgongoni. Kilikuwa na alama ndogo ya msalaba wa bluu, na Twilumba aliijua, kwa sababu ndiye aliyeipitisha. Ilikuwa ya kampuni inayotengeneza bangili za mapigo. Hao Bwana Pazi hakuwapigia simu. Nani angekumbuka bangili?

Kilikuwa kinaelekea mwisho wa wodi.

"Mama, umefika!" Vumilia aliinua uso. Ulikuwa umelowa jasho na machozi, lakini ulikuwa unatabasamu. Mkono wake ulikuwa umekikaza kikombe, na mrija ulikuwa bado ndani ya maji, umeinama kidogo. Hapakuwa na povu hata moja. "Nimemshikilia tangu vilipoingia. Sista alisema kikombe hakifiki kina, lakini nimekishika hivi hivi, sikukitikisa. Alikuwa anahangaika sana, maskini. Sasa ametulia. Njoo umwone mumeo."

Mtoto alikuwa amefunikwa kanga mpaka kidevuni, na mguu wenye bangili haukuonekana.

Kizoazi kilifika chini ya kitanda, kikaegemeza miguu yake miwili ya mbele kwenye chuma, kikaanza kupanda. Kilipanda polepole, kwa upole wote ule aliokiwekea, kisije kikamwamsha mtu. Ubao wa ukutani ulikuwa umenyamaza; kwa ubao, bangili isiyosikia mapigo ni bangili iliyovuliwa. Twilumba alisikia wazi makucha ya mpira yakishika chuma, kidogo, kidogo.

Alikiwahi kabla hakijafika kwenye kanga. Alikibandua kwa mikono miwili, akakibana kifuani juu ya beji yake. Hakikumuuma. Miguu sita iliendelea kutembea hewani, ikielekea kule kule ilikoitwa.

"Mama?" Vumilia alikitazama, kisha akamtazama yeye. Kikombe bado kilikuwa mkononi. "Mbona hapa hakuna chupa? Hicho kinataka nini kwa mtoto wangu?"

Mhandisi Twilumba, aliyeandika sentensi iliyopigiwa makofi na mkutano mzima, alisimama kando ya binti yake.  Akakibana kile kimashine kwa nguvu zaidi, akamwachia Vumilia aendelee kukishika kikombe kwa muda kidogo tena.